Mwalimu wa Maua ya Altare

Kwa Mwalimu huingii kwa kukatiza bustani. Kuna njia aliyoitandika mawe bapa kutoka getini hadi barazani, na usipoifuata anakurudisha. Mimi alinirudisha siku moja nikiwa na ndoo ya maji kichwani, mwanamke mzima, nimeolewa, nimeachika, nimerudi kwa baba yangu. "Rudi getini uanze upya," akasema, wala hakuinua macho kutoka kwenye jembe lake. Nikarudi, nikaanza upya. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba. Sasa umeingia."

Wengi wakimwelezea hapa Uru wanaanza na utakatifu wake. Mimi nina ya kwangu, na sitaanza na alikozaliwa wala ukoo wake. Hayo yatasomwa siku ya mazishi yake, tena yatasomwa bila kukwama, maana yeyote atakayeshika ile karatasi alifundishwa kusoma na yeye. Hata mimi alinifundisha. Vidole hivi ni yeye aliyevikunja kwenye penseli, kimoja kimoja, mpaka vikakubali. Kwa hiyo ukinisikia namsema, ujue najua ninamsema nani.

Huku kwetu ardhi ni finyu. Chini ya mgomba kuna kahawa, chini ya kahawa kuna magimbi, na pakibaki pa kukanyaga unaotesha majani ya ng'ombe. Mwalimu alipostaafu aling'oa kahawa yote iliyokuwa mbele ya nyumba yake. Watu walishika vichwa. Wazee wa ukoo wa marehemu mumewe walikuja kuuliza kama ana akili timamu, akawakaribisha chai, akawaambia kahawa imewalisha wao miaka yote na Mungu hajaambulia kitu. Akatengeneza matuta saba ya maua. Kana nyekundu, dalia za kila rangi, waridi, na upande wa kwetu tuta refu la yungiyungi nyeupe. Kila Jumamosi mchana alikata, akapanga kwenye ndoo, akajitwisha, akashuka nayo kanisani kwa miguu. Mapadre wamekuja na kuhamishwa, maua ya altare ni yeye. Masista walijaribu kumsaidia kupanga, akawashukuru kwa upole, halafu akabomoa walichopanga.

Alikuwa mkali na alikuwa mwema, na ukimsimulia nusu moja umemwongopea. Mama yangu alipofariki, Mwalimu alikuja kwetu siku tisa mfululizo na sufuria ya mtori wa ndizi. Alimlisha Baba kwa kijiko, akafua mashuka yetu, akanisuka nywele nilipokuwa siwezi hata kuinua mikono. Siku ya kumi hakuja. Nilipokutana naye njiani akaniambia, "Kulia kumekwisha, sasa kapalilie." Nilimchukia kwa neno lile. Nikaenda kupalilia, na nikajisikia nafuu, na kwa hiyo nikamchukia zaidi.

Vita vyake na mbwa nilivishuhudia tangu mwanzo, kwa sababu mbwa mwenyewe alikuwa wetu. Tulimwita Jeki. Mbwa mwekundu, sikio moja limelala, hana ukoo wowote wa maana. Kila wiki alikuwa anavuka mpaka kwenda kufukua tuta. Udongo unaruka mpaka barazani, dalia zimelala chali. Mwalimu alianza na pilipili. Alitwanga pilipili kichaa na majivu, akanyunyiza matuta yote saba asubuhi, na upepo wa mlimani ukamrudishia yote machoni. Mimi ndiye niliyemwosha kwa maziwa. Huku machozi yanamtiririka, akaniambia, "Chukua daftari hapo mezani. Andika: pilipili, hapana."

Alikuwa na daftari la mbwa, sikutanii. Miiba ya waridi iliyotandazwa juu ya udongo: siku mbili tu. Mawe makubwa kuzunguka tuta: anayaruka. Chupa za maji zilizosimikwa kati ya maua, kwa sababu alisikia redioni kwamba mbwa anaogopa kivuli chake: alizikojolea. Halafu akaja na wavu wa kuku, akaufukia chini ya udongo ili kucha zikwame. Ule ulifanya kazi kidogo, mpaka mkwewe wa Dar alipokuja Desemba na viatu vya kisigino kirefu, akanasa katikati ya kana, na ikabidi tumng'oe watu watatu. Mwalimu hakucheka. Alimwambia mkwewe njia iko pale. Mimi nilikwenda kuchekea nyuma ya zizi.

Akajaribu hata kumfundisha Jeki mwenyewe. Alikuja na rula yake ya darasani, ile ya mbao, akasimama mbele yake akamwamuru, "Kaa!" Na yule mbwa, ambaye kwetu hakuwahi kutii neno, akakaa. Akamwonyesha tuta kwa rula, akasema, "Hapa hapana." Jeki akatikisa mkia. Mwalimu akampa kipande cha ugali kwa mkono wake. Aliniambia, "Huyu ana akili kuliko darasa lako lote." Nafikiri alikuwa anampenda. Jumamosi iliyofuata Jeki alifukua tuta lilelile, na Mwalimu akalia kwa hasira, nilimwona, amekaa chini kwenye udongo na mizizi ya dalia mapajani.

Sasa niseme kitu ambacho kila mwanamke wa jumuiya yetu alikijua. Huku kwetu ukichinja nyumbani, damu isiyoingia kwenye supu ya kisusio, pamoja na mavi ya tumboni, inamwagwa kwenye shina la mgomba. Mgomba unaitikia vizuri, unatoa mkungu wa kujivunia. Mwalimu hakuwa na ng'ombe tena, kwa hiyo hakuwa na samadi. Kila Ijumaa bucha ya njia panda ilipochinja, alikwenda na ndoo yenye mfuniko, akarudi nayo imejaa damu, akaifukia kwenye matuta yake. Kinachomfaa mgomba akaona kitalifaa na ua. Na kweli maua yalistawi, sijawahi kuona dalia kubwa vile. Lakini mgomba ukifukuliwa na mbwa nani anajali? Shina halitikisiki. Dalia ukiigusa tu imekwisha. Jumamosi asubuhi Jeki alikuwa ananusa damu chini ya yale maua, anafanya ambacho mbwa yeyote mwenye pua angefanya. Mwalimu alikuwa anamtandikia karamu Ijumaa, Jumamosi anamgombeza kwa kuhudhuria.

Mke wa mwenye bucha alijua, alikuwa ndiye anayemjazia ndoo. Waliokuwa wakipishana naye njiani walijua. Mimi nilijua kuliko wote, maana mara nyingi nilimpokea ile ndoo mlimani nikamsaidia kuibeba, na Jeki anatufuata nyuma akilamba matone. Ungetegemea mtu mmoja amwambie, Mwalimu, acha damu. Maneno matatu tu! Hakuna aliyesema.

Kwa nini? Nikwambie ya darasa la tano. Siku hiyo Mwalimu alikosea hesabu ya sehemu ubaoni. Msichana mmoja wa dawati la mbele, jasiri, akasimama akasema, "Mwalimu, hapo siyo robo, ni theluthi." Mwalimu akatazama ubao, akafuta, akaandika upya. Akasema, "Asante sana. Makofi kwa mwenzenu." Tukapiga makofi. Hakumchapa, hakumfokea. Ila tangu siku ile, kila swali lilikuwa la yule msichana. Hesabu, jiografia, katekisimu, "Hebu tumsikie mtaalamu wetu." Kila siku, mpaka muhula unakwisha. Alipokosa, Mwalimu alisema kwa upole, "Loo, hata wewe?" Yule msichana alianza kuumwa tumbo asubuhi. Hatukumsahau, na nadhani ndiyo maana wanawake watu wazima, wenye wajukuu, walikuwa wanaipita ile ndoo ya damu wakisema, "Pole na mzigo, Mwalimu."

Baba alipata kiharusi mwaka mmoja baada ya Mama kufariki. Upande wa kulia ukalala, mdomo ukaenda pembeni, na maneno yakamwisha. Mwanamume aliyekuwa anaongea mpaka wageni wanaomba ruhusa ya kwenda nyumbani, sasa anatoa mlio mmoja tu. Hospitalini walituambia maneno yanaweza kurudi, mradi aongee kila siku. Nilikaa naye jioni na jioni. "Baba, sema maji. Baba, sema uji." Alinitazama kwa aibu akageuza uso. Sisi sote tulikuwa na huruma usoni, na yeye aliiona.

Jeki hakuwa na huruma. Alikuwa anakuja kulala miguuni pake barazani, anajikuna, anapiga miayo. Siku moja nikiwa jikoni nikasikia sauti. Nikajongea nyuma ya mlango. Baba alikuwa anamwambia Jeki, kwa Kichagga, aondoke kwenye mguu wake. Neno zima! Nilikaa sakafuni nikaziba mdomo kwa kanga. Kesho yake yalikuwa mawili. Miezi ikapita, na Baba akawa anamsimulia yule mbwa habari za mifereji ya zamani na nani alimwibia nani maji, kwa maneno yaliyovunjika, lakini maneno. Ukitokea tu, ananyamaza. Kwa hiyo nikajifunza kutotokea. Nilikuwa nasubiri. Niliamini siku moja atanigeuzia mimi uso na atasema jina langu.

Halafu ikaja Jumamosi ya kuamkia Komunyo ya Kwanza. Yungiyungi za Mwalimu zilikuwa zimechanua zote, na watoto wa parokia nzima walikuwa waingie kanisani kila mmoja ameshika ua moja jeupe. Alizilea tangu Kwaresima, na Ijumaa akazipa ndoo mbili za damu badala ya moja. Asubuhi tuta lote lilikuwa shimo. Watoto waliingia kanisani wameshika majani.

Jumuiya wiki ile ilikuwa zamu ya kwetu. Tulisali rozari, tukasoma Injili, mwenyekiti akauliza kama kuna mengineyo. Mwalimu akasimama, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mimi sina ugomvi na mbwa," akasema. "Nina ugomvi na malezi. Mbwa huyu amemwibia Yesu maua. Naomba jumuiya iamue, aondoke au asiondoke. Mkisema abaki, mimi nitaweka ndoo yangu chini na altare mtaipamba nyie."

Watu wakatazama sakafu. Mke wa mwenye bucha aliniangalia mimi. Nami nikaangalia rozari yangu, nahesabu punje kama vile sala haijaisha. Nilikuwa nayo kwenye ulimi, nakuapia. Mwalimu, ni ile damu. Nikamwona yule msichana wa darasa la tano, nikamwona Mwalimu ananiambia asante sana mbele ya watu, nikameza.

Mwenyekiti akasema, "Tumsikilize na mwenye nyumba."

Baba alikuwa kwenye kiti chake, Jeki miguuni. Alielewa kila kitu, masikio hayakuwa na kiharusi. Akashika mkono wa kiti kwa mkono wake mzima, akavuta pumzi, uso ukamwiva kwa jitihada. Watu wote wakimtazama. Ukatoka ule mlio, tu.

"Meku amekubali," akasema Mwalimu, kwa jina la heshima ambalo wote walimwita Baba, akakaa.

Yesu na Maria! Nilimjua baba yangu. Nilijua mlio wa ndiyo na mlio wa hapana. Ule ulikuwa hapana, tena mara mbili. Nikasimama, nikasema, "Nani anaongezewa chai?"

Kwanza nilimfunga Jeki kwa mnyororo. Baba alijikokota mpaka bandani akamfungua kwa mkono mmoja, sijui alichukua muda gani. Ijumaa ikaja, Jumamosi akafukua tena. Ndipo nikaongea na mtu wa Kahe aliyekuwa anapandisha mchele sokoni kwetu, ana mbuzi kule tambarare, anahitaji mbwa. Alimbeba kwenye pikipiki, ndani ya kiroba, kichwa nje. Jeki alifurahia upepo, mjinga yule. Baba aliangalia kutoka barazani mpaka pikipiki ilipokata kona.

Hakusema tena neno lolote. Nilikuwa nasimama nyuma ya mlango kila siku, nasikia tu kiti kinalia. Niliazima mbwa wa shangazi yangu wa Kibosho, nikamleta, Baba akamsukuma kwa mguu.

Na unajua matuta yalikuwaje? Wiki ya pili yalifukuliwa na mbwa wa boma la juu. Wiki ya tatu walikuja wawili. Mwalimu alipita kwetu akiwa na jembe begani, akaniambia bila haya, "Naona Jeki alikuwa ameshawafundisha wenzake." Nikajibu, "Inawezekana, Mwalimu." Yaani nilijibu hivyo! Hasira niliyonayo kwake ningeigawa ingetosha vijiji vitatu, lakini ile ya kujikasirikia mimi mwenyewe nimeiweka pembeni, na sijaimaliza.

Baba alifariki wakati wa masika. Tulimzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, karibu na Mama. Mwalimu alishona shada kwa mikono yake, waridi na dalia na yungiyungi, zuri mno, watu walilipiga picha. Aliliweka juu ya udongo akapiga magoti kwenye tope, na magoti yake tayari yalikuwa mabovu. Alilia kwa dhati. Alisoma wasifu kwa sababu sisi hatukuweza. Alisema Meku alikuwa mtu wa maneno mengi na Mungu akampumzisha nayo. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Jioni nililiondoa lile shada nikalitupa kwa ng'ombe, akalila.

Miaka imepita. Tumekuwa majirani wa shikamoo na marahaba. Mwaka huu, wiki moja baada ya Pasaka, aliniita nikiwa nakata majani mpakani. Alikuwa kwenye kiti nje, fimbo pembeni, amepungua. Matuta yamebaki matatu.

"Njoo uone," akasema. "Unaona shimo hata moja?"

"Sioni, Mwalimu."

"Mjukuu wangu yule anayesomea kilimo alikuja Krismasi. Ananiuliza, Bibi, unaweka mbolea gani? Nikamwambia damu. Akacheka mpaka akakaa chini. Bibi, anasema, unawaita mbwa mwenyewe! Nimeacha. Naomba samadi kwa watu. Mbwa wanapita hapo njiani hawageuzi hata shingo." Akacheka, halafu kicheko kikamwishia usoni taratibu. "Kumbe yule Jeki wenu..."

"Ndiyo," nikasema.

Akaniangalia vile alivyokuwa anatuangalia wakati wa mtihani.

"Wewe ulijua."

"Nilijua. Ndoo nilikuwa nakusaidia kubeba."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikuogopa, Mwalimu. Wote tulikuogopa."

"Mimi?" Alishangaa, na alishangaa kweli, hakuwa anaigiza. Hilo ndilo lililoniuma. Miaka yote ile nilimbebea chuki na mwenzangu hakujua hata kama anatisha.

Basi nikamwambia yote. Kwamba Baba alikuwa ameanza kuongea, na alikuwa anaongea na yule mbwa tu. Kwamba siku ya jumuiya hakukubali, alikuwa anasema hapana. Kwamba alikufa bila kusema neno lingine. Sikupaza sauti. Alisikiliza amefumba macho.

Akainuka. Nilitaka kumsaidia akakataa. Alitembea mpaka mpakani, polepole, akachuma jani la isale, ule mmea tunaopanda mipakani, akarudi nalo amelishika kwa mikono miwili, akaninyooshea. Asiye wa huku hawezi kujua uzito wake. Mtu akikuletea isale ameomba msamaha kwa yote aliyonayo, na hukatai. Watu waliouana wamepokea isale. Sijawahi kuona mtu amelikataa, na Mwalimu wa darasa la kwanza akikunyooshea, mzee, magoti yanamuuma, unalikataaje?

Niliutazama ule mkono.

"Lishike tu, Mwalimu," nikamwambia. "Nikilipokea la kwako, mimi la kwangu nitampelekea nani kule kihambani?"

Nilimwacha amesimama pale na jani lake, nikabeba majani yangu, nikaenda kukamua ng'ombe.